Alvin York: Amri ya Sita Vitani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 20:13, Ezekieli 33:1-6, Mathayo 5:43-48, Luka 3:14, Luka 22:35-38, 49-51, Yohana 18:36, Matendo 5:29, Warumi 13:1-7, Warumi 14:1-12, 22, 23.

Fungu la kukariri: Matendo 24:16.

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, koplo mmoja wa jeshi la Marekani aliwaua watu zaidi ya 20 katika asubuhi moja. Siku hiyo hiyo, yeye na wenzake saba waliwafikisha mateka 132 nyuma ya mstari wa mapigano. Taifa lake lilimpokea kama shujaa. Lakini miezi 16 tu kabla ya hapo, mtu huyo huyo alikuwa ameiomba serikali isimpeleke vitani, kwa kuwa aliamini kwamba Mungu amekataza kuua.

Mtu huyo ni Alvin Cullum York. Hakuwa Mwadventista. Hata hivyo, swali lililomnyima usingizi ni lile lile lililowakabili Waadventista wa kwanza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, hata mwaka 1864 wakaiomba serikali iwatambue kuwa watu wasiobeba silaha. Mtu aliyempa Kristo maisha yake afanye nini nchi yake inapomwamuru kuua?

Somo hili halimweki York mbele ya kanisa kama kielelezo cha kufuatwa katika kila jambo. Linamfuata hatua kwa hatua, ili kuona jinsi mwamini alivyoichukua dhamiri yake hadi mahali ambapo uamuzi wa kufa na kupona hufanywa kwa kufumba na kufumbua, na jinsi alivyoishi nayo baada ya bunduki kunyamaza.

JUMAPILI
Kijana wa Pall Mall

York alizaliwa tarehe 13 Desemba 1887 huko Pall Mall, kijiji kilichomo katika bonde la Mto Wolf, milimani mwa jimbo la Tennessee. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya 11. Familia nzima iliishi katika nyumba ya magogo yenye vyumba viwili. Baba yake, William, alikuwa mkulima, mhunzi na mwindaji. Alvin alipata kama miezi tisa tu ya masomo ya darasani. Shule yake kubwa ilikuwa porini, ambako mwindaji aliyekosa shabaha alirudi nyumbani mikono mitupu na watoto wakalala na njaa.

Baba alifariki mwaka 1911. Kwa kuwa kaka zake wawili walikuwa wameoa na kuondoka, Alvin ndiye aliyebaki na mzigo wa kumsaidia mama na wadogo zake. Siku za kazi alijituma. Mwisho wa juma ulipofika alikwenda na rafiki zake kwenye vilabu vya pombe mpakani mwa Kentucky, akanywa, akacheza kamari na kupigana. Mama yake, Mary, alizoea kukesha akimngoja na kumwombea.

Kisha rafiki yake wa karibu, Everett Delk, akauawa katika ugomvi kilabuni. Katika majira ya baridi ya mwaka 1914 kuingia 1915, York alihudhuria mikutano ya uamsho na kuyatoa maisha yake kwa Bwana. Aliacha pombe, kamari na ngumi kwa mara moja. Alijiunga na kanisa dogo lililofuata maadili makali na kupinga vita, akawa mwalimu wa shule ya Jumapili na kiongozi wa nyimbo.

Basi amri ya sita haikumfikia York kama fundisho la vitabuni. Aliipokea akiwa mtu aliyejua ukali wa mkono wake mwenyewe, tena aliyekwisha kumpoteza rafiki kwa ukali wa mkono wa mwingine.

Soma Kutoka 20:13 na Mathayo 5:43-48. Mafungu haya yana uzito gani kwa mtu aliyeokolewa kutoka katika maisha ya ugomvi?

JUMATATU
Wito wa Serikali

Mwezi Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 5 Juni vijana walitakiwa kujiandikisha. Mwandikishaji wa Pall Mall alikuwa Rosier Pile, aliyekuwa pia mchungaji wa York. Mtu aliyemfundisha York kwamba Mkristo hapaswi kuua ndiye aliyelazimika kuandika jina lake katika orodha ya watakaoitwa jeshini.

York aliomba asamehewe kwa sababu ya imani yake. Sheria ya wakati ule iliwaruhusu washiriki wa makanisa yanayotambulika, ambayo kanuni zake zilikataza vita, wasipewe kazi ya kupigana. Bodi iliyosikiliza maombi iliona kwamba kanisa la York halikuwa na kanuni maalumu ya imani zaidi ya Biblia yenyewe, ambayo kila mshiriki aliweza kuieleza kwa namna yake. Ombi lake likakataliwa, na rufaa yake vivyo hivyo. Mwezi Novemba 1917 akaitwa jeshini, akapelekwa kambi ya Camp Gordon katika jimbo la Georgia. Baadaye aliwekwa katika Kombania G, Rejimenti ya 328, Divisheni ya 82.

Hapa mtu huyu alivutwa huku na huku. Aliipenda nchi yake, na alisoma katika Warumi 13 kwamba mamlaka zimewekwa na Mungu. Alisoma pia Matendo 5:29. Milima ya kwao ilikuwa na misitu ya kutosha kumficha mtu, lakini hakukimbia. Wala hakuificha dhamiri yake. Alitii amri za kambini, akafyatua risasi kwenye shabaha za mazoezi kwa ustadi uliowashangaza wengi, kisha akamweleza kamanda wake, Kapteni Edward Danforth, kwamba hakuamini kuwa ni halali kwake kuua watu.

Lilikuwa jambo la hatari kusema. Wakati wa vita, askari anayesema hivyo huweza kuitwa mwoga au msaliti. York alichagua kulisema mapema, akiwa bado kambini, kuliko kungoja mpaka maisha ya wenzake yategemee bunduki yake ndipo wagundue kwamba hakuwa tayari.

Kwa nini ni vema mwamini aieleze dhamiri yake mapema, kabla ya saa ya hatari? Ni nani hupata hasara anapokaa kimya?

JUMANNE
Usiku wa Mlimani

Kapteni Danforth hakumdharau. Alimpeleka kwa mkuu wa batalioni, Meja Edward Buxton, mtu aliyeijua Biblia vizuri. Maofisa hawa wawili walikaa na askari wa kawaida, wakafungua Maandiko, wakajadiliana naye.

York alikuja na amri ya sita na mahubiri ya mlimani. Buxton na Danforth walimwonyesha Luka 22:36, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi juu ya upanga. Walimwonyesha Yohana 18:36, mahali Bwana anapotaja watumishi wa ufalme wa dunia hii wanaopigana. Walimsomea Ezekieli 33:1-6, habari za mlinzi anayeona upanga ukija asipige tarumbeta, na damu ya watu ikatakwa mkononi mwake. Hoja yao ilikuwa nzito: yawezekana mtu akajizuia asimwage damu, na bado akawa na hatia ya damu ya wale aliowaacha bila ulinzi.

Msomaji makini wa Biblia ataona kwamba mafungu hayo hayakumaliza suala. Sura ile ile ya Luka inayotaja upanga inaendelea kusimulia jinsi mwanafunzi alivyoutumia, na jinsi Yesu alivyomzuia na kuliponya sikio la adui. Yohana 18:36 inasema wazi kwamba ufalme wa Kristo si wa ulimwengu huu. York hakuridhika kwa haraka, na maofisa wake hawakumlazimisha. Mwezi Machi 1918 alipewa likizo ya siku kumi aende nyumbani akafikiri.

Huko Pall Mall alikuta mama yake na mchungaji wake wakitamani abaki. Alipanda mlimani peke yake, akaomba usiku kucha hadi siku iliyofuata. Aliposhuka alikuwa na amani. Aliamini kwamba Mungu amemruhusu kwenda, na kwamba atamrudisha akiwa hai. Alirudi kambini akiwa tayari kupigana.

Waadventista wengi wa kizazi kile walisoma Maandiko hayo hayo, wakaomba kwa Mungu huyo huyo, wakafikia uamuzi tofauti: kuitumikia nchi bila kubeba silaha, hasa katika kazi za tiba. Warumi 14 haiwaambii waumini kwamba kila uamuzi ni sawa na mwingine. Inawaambia kwamba kila mmoja atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu, na kwamba tendo lisilotoka katika imani ni dhambi.

Soma Luka 22:35-38 pamoja na mafungu ya 49-51. Mafungu haya yakisomwa pamoja, yanafundisha nini juu ya matumizi ya nguvu?

JUMATANO
Asubuhi ya Argonne

Tarehe 8 Oktoba 1918, karibu na kijiji cha Chatel-Chéhéry, kikosi cha York kilitumwa kuelekea njia ya reli iliyotumiwa na Wajerumani. Bunduki za rashasha zilizofichwa vilimani ziliwafyeka Wamarekani waliotangulia bondeni. Ndipo Sajenti Bernard Early akaagizwa kuongoza watu wachache wazunguke nyuma ya adui. Wote pamoja walikuwa 17, na York alikuwa mmojawapo.

Walipenya msituni, wakaikuta makao makuu ya Wajerumani ghafla, wakawateka wengi waliokuwa hapo. Kabla hawajamaliza, rashasha zilizokuwa mlimani ziligeuzwa na kuwaelekea. Wamarekani sita waliuawa pale pale. Watatu walijeruhiwa, akiwemo Early. Walibaki wanane wasio na jeraha, na uongozi ukamwangukia York.

Wale saba walikuwa wamelala chini pamoja na mateka. York alikuwa mteremkoni, chini ya waliokuwa wakifyatua. Ili kulenga, ilimbidi kila mpiga rashasha ainue kichwa. Kila kichwa kilipoinuka, York alifyatua. Alikuwa akilenga kama alivyolenga nyumbani katika mashindano ya shabaha, ila sasa kila shabaha ilikuwa mwana wa mama fulani. Kati ya risasi na risasi alipaza sauti akiwataka wajisalimishe. Hakutaka kuua zaidi ya ilivyomlazimu.

Kisha Wajerumani sita wakatoka mtaroni na singe zao, wakamkimbilia. York alichomoa bastola. Mwindaji wa bata mzinga mwitu hupiga kwanza yule wa nyuma kabisa, ili wa mbele wasijue kilichotokea wakatawanyika. York alifanya vivyo hivyo, akianzia wa mwisho, kwa kuwa wale wa nyuma wangeona wenzao wa mbele wakianguka wangeweza kusimama na kumfyatulia risasi kwa pamoja. Wote sita walianguka.

Ofisa wa Kijerumani, Luteni Paul Vollmer, alikuwa miongoni mwa mateka na alijua Kiingereza. Alipoona watu wake wanavyokwisha, aliahidi kuwaamuru wajisalimishe iwapo York ataacha kufyatua. York alikubali mara moja. Vollmer akapiga filimbi, na watu wakaanza kushuka mikono juu.

Lakini njiani kurudi walikutana na kituo kingine cha rashasha. Kwa amri ya Vollmer wote walijisalimisha, isipokuwa askari mmoja. York alimtaka Vollmer arudie amri, naye akarudia. Yule askari akakataa tena. York alikuwa na watu saba, majeruhi, na umati wa mateka ambao wangeweza kuwageukia wakati wowote. Alimpiga risasi. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alichukia kufanya hivyo, na kwamba alikuwa amemfikiria sana mtu yule, ambaye huenda alikuwa kijana shujaa tu.

Hapa ndipo ugumu wote ulipo. Usiku wa mlimani ulikuwa umejibu swali la kwenda au kutokwenda. Haukujibu swali la mtu huyu mmoja, katika dakika hii moja. Hilo York alilazimika kuliamua pale pale, na jibu lake akaishi nalo.

Katika mambo aliyoyafanya York asubuhi hiyo, ni yapi yanayoonyesha kwamba dhamiri yake ilikuwa bado hai?

ALHAMISI
Baada ya Bunduki Kunyamaza

Kesho yake York aliomba ruhusa ya kurudi mahali pale kuona kama kuna mwenzake aliyebaki hai. Hakumkuta yeyote. Wafu walikuwa bado wamelala. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama akawaombea wote, Wamarekani na Wajerumani pia.

Baadaye, pamoja na jenerali aliyetaka kujua yaliyotokea, walipita tena katika uwanja ule. York alikataa kusema kwamba ustadi wake ndio uliomwokoa. Alikiri kuwa ni mkono wa Mungu. Alipandishwa cheo kuwa sajenti, akapewa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa askari wa Marekani.

Mwezi Mei 1919 aliporudi nyumbani, alikutana na jaribu la aina nyingine. Wenye majumba ya maonyesho, filamu na matangazo ya biashara walimletea ahadi za fedha nyingi kuliko alizowahi kuota. Hakuwa tajiri, na mama yake aliishi bado katika umaskini ule ule. Alikataa. Aliona kwamba yaliyotukia Argonne hayakuwa bidhaa. Alirudi Pall Mall, na tarehe 7 Juni akamwoa Gracie Williams, binti wa jirani aliyekuwa akimngoja.

Katika Luka 3:14 askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Aliwakataza kuonea watu na kujipatia mali kwa nguvu zao, akawataka waridhike na mshahara wao. York hakuyapata yote kwa ukamilifu, lakini katika jambo hili alisimama vizuri. Hakutaka damu ya watu imtajirishe.

Badala yake aliutumia umaarufu wake kuwatafutia watoto wa milimani kile alichokosa yeye. Alizunguka akichangisha fedha za shule, na mwaka 1926 shule ya York ikaanzishwa katika mji wa Jamestown. Fedha zilipopungua aliweka shamba lake rehani ili kazi iendelee. Kwa miaka mingi aliwakatalia watengenezaji wa filamu. Alipokubali hatimaye, na filamu ya maisha yake ikatoka mwaka 1941, nia yake ilikuwa kupata fedha za kujenga shule ya Biblia. Mapato hayo yalimwingiza katika deni kubwa la kodi lililomsumbua hadi uzeeni.

Fikra zake juu ya vita hazikutulia. Katika miaka ya 1930 alijiuliza waziwazi kama vita vile vilileta faida yoyote. Vita vya Pili vilipokaribia, alibadilika tena na kuunga mkono kupigana. Aliongoza hata bodi ya uandikishaji ya wilaya yake, akiketi upande ule wa meza ambao mwaka 1917 ulimkatalia ombi lake. Na mmoja wa wanawe alimpa jina la George Edward Buxton, jina la yule meja aliyekaa naye na Biblia.

Mwaka 1954 alipatwa na kiharusi kilichomlaza kitandani. Alifariki tarehe 2 Septemba 1964 akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa Pall Mall.

Ni kwa njia gani watu hujinufaisha leo kwa damu au maumivu ya wengine? Mwamini ajilindeje?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 1945, katika kisiwa cha Okinawa, Mwadventista Desmond Doss aliwaokoa askari wapatao 75 bila kushika silaha yoyote. Naye alikuwa Mmarekani wa kusini, mtu wa familia ya kawaida, aliyeichukulia amri ya sita kwa uzito wote. Maisha ya watu hawa wawili yakiwekwa pamoja, yanalisaidia darasa kuona kwamba swali la silaha halijibiwi kwa kukariri fungu moja.

Kanisa la Waadventista limewahimiza washiriki wake kutobeba silaha, na papo hapo limeheshimu dhamiri ya kila mmoja. Katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato wapo walinzi, polisi na askari, na wapo wazazi wa vijana walioko jeshini. Wapo pia waliokimbia vita na kuwapoteza wapendwa wao kwa mkono wa askari. Somo hili lijadiliwe kwa upole, kwa kuwa kila neno litamwangukia mtu.

Maswali ya Kujadili:

1. Ezekieli 33:1-6 inazungumza na mlinzi anayepaswa kuonya. Je, ni sahihi kulitumia fungu hili kuhalalisha kuua kwa ajili ya kulinda? Toeni sababu zenu kutoka katika Maandiko.

2. Mfikirie yule askari mmoja aliyekataa kujisalimisha. Kama York angemwacha, wenzake saba, majeruhi na mateka wangekuwa katika hatari gani? Je, hatari hiyo inatosha kuliondolea tendo lile hatia? Kama haitoshi, Mungu anatoa nini kwa mtu aliyetenda hivyo?

3. Buxton na Danforth walikuwa na mamlaka ya kuamuru, lakini walichagua kumsikiliza York. Viongozi wa kanisa na wazazi wanaweza kujifunza nini wanapokutana na kijana mwenye dhamiri tofauti na yao?

4. Darasa lenu linawezaje kumtunza askari anayerudi kutoka vitani, ambaye watu wanamsifu kwa jambo lile lile linalomsumbua usiku?